Kura ya Katniss: jinsi ya kusoma kitabu cha mwisho cha trilojia ya The Hunger Games

Malalamiko kuhusu Mockingjay hayajabadilika tangu kilipotoka Agosti 2010. Katniss amelala au amezimia nusu ya kitabu. Michezo yenyewe haipo. Finnick anakufa katika mistari michache kama mpita njia. Prim anauawa, na kifo chake kinaonekana cha bure. Gale, tuliyempenda tangu mwanzo, anageuka fundi wa mabomu. Na mwishoni kabisa Rais Snow amefungwa kwenye nguzo mbele ya shujaa wetu, mshale umeshawekwa kwenye upinde, halafu anapigwa mtu mwingine.

Kazi yangu ni kuhariri riwaya za vijana, na jioni mojamoja hukaa na wanafunzi wa sekondari wanaozisoma. Wakifika kitabu cha tatu, najua nitakachosikia: "Dada, huyu Katniss analala mno!" Sibishi. Yote wanayoyataja yamo kitabuni. Ninachobisha ni hukumu yao. Wanakisoma kitabu cha tatu kwa kanuni za kitabu cha kwanza, na mwandishi ameshazivunja kanuni hizo makusudi, ili atufikishe kwenye meza moja katika sura ya 26 ambako watu saba wanapiga kura. Ukiielewa kura hiyo, mengi yanayokera katika kitabu hiki unaona yanatoka wapi.

Kuanzia hapa namwaga mtama penye kuku wengi. Kama hujamaliza kusoma, nenda kamalize kwanza.

Kwa aliyesahau: Panem ni nchi iliyosimama juu ya magofu ya Amerika Kaskazini. Kuna Capitol, mji tajiri anakotawala Rais Snow, na wilaya 12 zinazoulisha. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa miaka 12 hadi 18. Watoto hao 24 hutiwa uwanjani wauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Katika kitabu cha kwanza, cha 2008, Katniss Everdeen wa miaka 16 anajitolea kwenda badala ya mdogo wake Prim, mwenye miaka 12. Katika cha pili, cha 2009, anarudishwa uwanjani, uasi unalipuka, na Wilaya ya 12 alikozaliwa inachomwa kwa mabomu. Cha tatu kinaanza akiwa amesimama juu ya majivu ya kwao.

Mwandishi wake, Suzanne Collins, alikuwa akiandika vipindi vya watoto vya televisheni kabla ya riwaya. Baba yake alikuwa afisa wa Jeshi la Anga la Marekani, akapelekwa Vietnam Collins akiwa bado mdogo, na baadaye akafundisha historia ya vita. Collins amesimulia kwamba wazo la hadithi lilimjia usiku akibadilisha chaneli, akatoka kwenye shindano la vijana akaangukia picha za vita vya Iraq, na mambo hayo mawili yakamchanganyikia kichwani. Watu hukumbuka sana ile nusu ya shindano. Shindano ndilo lililozaa kitabu cha kwanza, na vita ndivyo vilivyozaa cha tatu. Mwaka 2013 alitoa kitabu cha picha kwa watoto wadogo kuhusu ule mwaka baba yake alipokuwa mbali. Ukikisoma kando ya Mockingjay unaona ni mtu yuleyule anayeongea, na hofu ni ileile.

Sasa Wilaya ya 13. Tangu kitabu cha kwanza tunaambiwa iliteketezwa. Kumbe watu wake walizama chini ya ardhi wakiwa na silaha za nyuklia mkononi, wakaachana na Capitol kwa mapatano ya siri, na kwa miaka 75 wakakaa kimya huku watoto wa wilaya nyingine wakichinjwa kwenye televisheni. Collins anatuingiza humo kwa mambo madogomadogo. Kila asubuhi unaingiza mkono kwenye kifaa cha ukutani na ratiba ya siku inachapwa kwa wino juu ya ngozi yako: saa ya kula, saa ya mafunzo, saa ya kuoga, na wino hautoki mpaka ifike hiyo saa ya kuoga. Chakula kinapimwa. Kisha Katniss anawakuta wale warembeshaji wake wa Capitol, watu wapuuzi wasio na madhara kwa yeyote, wamefungwa minyororo ukutani na miili imejaa vidonda. Kosa lao ni mkate walioiba. Gale, rafiki yake wa tangu utotoni, anashangaa kwa nini hata anajali.

Mtu mzima aliyekulia kwenye Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967 ya hadithi ya Orwell ambamo wakombozi wanageuka watesaji, hahitaji zaidi ya hapo kumshuku Rais Coin, kiongozi wa Wilaya ya 13. Msomaji wa miaka 15 hamshuku, kwa sababu anamsubiri Snow afe na kila anayempinga Snow anamwona mwema. Collins anamwacha aendelee hivyo sura baada ya sura. Coin hapigi kelele wala hatishii mtu. Ana nywele za mvi zilizonyooka kama kofia, ana ratiba, na ana hesabu ya nani atamfaa vita vikiisha. Katika kitabu cha kwanza ubaya ulivaa manyoya na rangi za kung'aa. Huku umevaa sare ya kijivu, na macho yetu yameshazoeshwa kuutafuta kwenye manyoya.

Ndani ya sare hiyo Katniss anapewa kazi ya kuwa Mockingjay, uso wa uasi. Ndege huyo mwenyewe ni ajali ya kivita: Capitol ilitengeneza ndege dume wa kupeleleza, ikawatupa porini wafe, wao wakapandana na ndege wa kawaida na kuzaa aina mpya ambayo hakuna aliyeipanga. Msichana naye anatakiwa kuwa nembo, ila nembo yenye mpangaji. Wanamvalisha, wanampaka vipodozi, wanampa maneno ya kusema mbele ya pazia la studio. Matokeo ni aibu tupu, mpaka Haymitch, mlezi wake tangu michezo ya kwanza, anapowaambia wampeleke kwenye vita halisi wakamrekodi huko. Wanampeleka Wilaya ya 8, anatembelea hospitali, hospitali inapigwa mabomu, yeye anapandwa na hasira mbele ya kamera, na tangazo linapatikana. Soma tena ukurasa huo polepole. Hasira yake ni ya kweli, waliokufa ni wa kweli, na hapohapo ni bidhaa. Katika michezo ya kwanza Capitol ilimrekodi akijifanya anapenda. Sasa waasi wanamrekodi akiwa na uchungu, na wa pili wamepata picha nzuri kuliko wa kwanza.

Turudi kwenye huko kulala. Trilojia nzima imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Uwanjani hiyo ni silaha kubwa: eneo ni moja, maadui wanahesabika, jicho moja linatosha, na taharuki haishuki. Vita haviko hivyo. Mtu mmoja vitani haoni karibu chochote. Peeta, mwenzake wa Wilaya ya 12 katika michezo yote miwili, anapookolewa kutoka Capitol, Katniss hayupo. Yuko chini ya ardhi na Finnick, mshindi mwenzake wa michezo, wanafunga na kufungua mafundo ya kamba wasipate wazimu. Maamuzi yanafanyika kwenye vyumba asivyoalikwa. Na ana miaka 17, ameshapita uwanjani mara mbili, kitabu kinaanza akiwa na jeraha la kichwa, na baadaye anatembea na bangili ya hospitali inayosema akili yake imevurugika. Anajificha kabatini. Kila mwaka napokea miswada ambayo msichana wa umri huo, kufikia kitabu cha tatu, anaongoza majeshi na kuwakemea majenerali. Najua inavyovutia, na najua mwandishi wake hajajiuliza nini kinampata mtoto aliyeua.

Hata hivyo sitamtetea Collins kila mahali. Kuzimia kwenye sura moja na kuzinduka hospitalini kwenye sura inayofuata ni mlango mzuri ukiutumia mara moja. Yeye anaupitia mpaka bawaba zinalia. Kikosi kinachoingia Capitol kimejaa watu ambao hatukupewa nafasi ya kuwajua, wakiwamo dada wawili wanaotofautishwa kwa namba, Leeg 1 na Leeg 2, kwa hiyo wakianza kufa msomaji anahesabu badala ya kuhuzunika. Na Finnick, aliyeoa juzi tu, alistahili angalau ukurasa mmoja wa utulivu. Ningekuwa mhariri ningeuomba.

Lakini kikosi chenyewe kimewekwa vizuri sana. Mitaa ya Capitol imetegwa mitego iliyofichwa, na Finnick anatania kwamba sasa ndiyo Michezo ya Njaa ya 76. Msomaji anafurahi: uwanja umerudi! Katniss anawadanganya wenzake kwamba Coin amempa kazi ya siri ya kumuua Snow. Wanamfuata. Wanakufa mmoja baada ya mwingine, juu ya ardhi na kwenye mahandaki ya maji machafu. Na baada ya yote hayo hamfikii Snow, hafungui lango lolote, haokoi mtu. Vita vinamalizwa na wengine, kwa njia nyingine, akiwa amesimama pembeni kama mkimbizi mmojawapo. Hapa ndipo wasomaji wengi hukitupa kitabu ukutani. Mimi naona mwandishi ametimiza alichoahidi: amekupa uwanja ulioutaka, akakutoza bei yake, kisha akakuonyesha kwamba haukununua chochote.

Njia hiyo nyingine iliyomaliza vita ndiyo moyo wa trilojia, na imeandaliwa tangu sura za mwanzo za kitabu cha kwanza. Kumbuka Katniss na Gale wakiwinda kwa siri msituni. Baba zao wote wawili walikufa kwenye mlipuko mmoja wa mgodi wa makaa ya mawe, na watoto hao wakabeba familia mbili. Katniss ni mtu wa upinde. Gale ni bingwa wa mitego. Sungura wake ndio waliowalisha, na sisi tulimpenda kwa sababu hiyo. Katniss anapoondoka kwenda uwanjani, Gale anamwambia auchukulie kama uwindaji, na kwamba kuua mtu huenda hakuna tofauti kubwa na kuua mnyama. Kwenye usomaji wa kwanza maneno hayo ni faraja ya rafiki. Wanafasihi wetu huita kisengere mbele, yaani kudokeza mapema kitakachokuja, na huu ni mfano ambao ningeuweka kwenye kitabu cha kiada.

Katika Wilaya ya 13 Gale anaketi na Beetee, mhandisi wa Wilaya ya 3, na ujuzi wa msituni unahamishiwa kwa binadamu. Weka chambo. Mtishe mnyama upande huu akimbilie hatari kubwa zaidi upande ule. Kisha wanafika kwenye fikra yenyewe: bomu la kwanza linalipuka, unasubiri kidogo watu wakimbilie majeruhi, ndipo la pili linalipuka. Chambo ni huruma. Collins hakuibuni mbinu hii; waokoaji wameuawa hivyo katika vita vya kweli. Katniss anapinga, anasema kuna mpaka umevukwa. Gale anajibu kwamba wanafuata kitabu kilekile alichofuata Snow alipomtesa Peeta kwa sumu ya nyigu mpaka hajui kumbukumbu ipi ni ya kweli.

Kabla ya bomu hilo kutumika, Collins anaweka kituo cha katikati. Katika Wilaya ya 2 kuna mlima ambao Capitol imegeuza kuwa ngome, ndani ya mgodi wa zamani. Gale anashauri waporomoshe mawe wazibe njia zote na waliomo wazikwe hai. Watu waliokufa mgodini ni baba yake na baba ya Katniss, naye ndiye anayelipendekeza. Wanafika mwafaka wa kuacha njia ya treni wazi ili waliomo wajisalimishe. Jioni ile treni zinatoka zimejaa majeruhi, na mmoja wao, mtu aliyeungua, anamwelekezea Katniss bunduki na kumtaka ampe sababu moja ya kutomuua. Hana. Ni mazungumzo bora kabisa ya kitabu, na yanakatizwa na risasi ya mtu mwingine inayompiga Katniss akijiona kwenye skrini. Katika darasa langu hapo huwa tunasimama, kwa sababu mtu huyo na Katniss wanafanana kiasi kwamba huwezi kusema nani yuko upande upi.

Kisha sura ya 24. Mbele ya kasri la Snow wamewekwa watoto wa Capitol ndani ya uzio wa vizuizi, kama ngao. Ndege yenye alama ya Capitol inapita na kuangusha parachuti ndogo za rangi ya fedha. Watoto wanazijua parachuti hizo. Zamani zilikuwa zikileta zawadi kwa wachezaji uwanjani, chakula, dawa, mkate. Wanainua mikono kuzidaka. Baadhi zinalipuka. Waokoaji wanamiminika, wa waasi pia, na kati yao Katniss anaona msuko wa nywele za dhahabu na shati lililochomoka nyuma kama mkia wa bata. Ni mkia uleule wa bata aliouona kwa Prim, akamchomekea shati, asubuhi ya kura ya kuwachagua wachezaji, katika sura ya kwanza kabisa ya trilojia. Parachuti zilizobaki zinalipuka.

Wanaosema kifo cha Prim ni cha bure wanasema kweli kuliko wanavyodhani. Msichana aliingia uwanjani ili mdogo wake asife, na mdogo wake akafa kwa kifaa kilichotoka kwenye mtego uliomlisha. Ukitaka kifo hicho kiwe na maana ya kishujaa, umeomba jambo ambalo kitabu kimejengwa kulikataa. Swali linalobaki ni la kipelelezi: nani alirusha?

Snow, akiwa mfungwa kwenye nyumba ya vioo anamooteshea waridi zake, anamwambia Katniss si yeye. Kuua watoto kusingemshinda, na anakiri hivyo, ila yeye si mtu wa kupoteza mali. Ndege ingekuwapo angekimbia nayo. Na wawili hao walishakubaliana, tangu kitabu cha pili, kutodanganyana. Ongeza kwamba Prim alikuwa na miaka 13, na mtoto wa miaka 13 hafiki mstari wa mbele bila ruhusa ya mkubwa. Ongeza kwamba Coin alimpeleka Peeta, akiwa bado hajapona na anaweza kumnyonga Katniss wakati wowote, kwenye kikosi cha Katniss. Ongeza kwamba Gale, akiulizwa kama bomu lilikuwa lake, anasema hajui. Ushahidi kamili haupatikani popote. Collins anakuacha na alichonacho Katniss, na Katniss anapaswa kutenda kwa hicho.

Sasa meza. Coin amewaita washindi saba wa michezo waliosalia. Wananchi wanadai damu, anasema, lakini ukiua Capitol nzima nchi itabaki bila watu. Anapendekeza mwafaka: michezo ya mwisho, mara moja tu, kwa kutumia watoto wa wale waliokuwa na madaraka. Wengi wape. Peeta anakataa kwa hasira. Annie anakataa, na anasema mumewe Finnick angekataa. Beetee anakataa. Johanna anakubali, Enobaria anakubali. Wamebaki Katniss na Haymitch.

Angalia utaratibu ulivyo safi. Hakuna anayelazimishwa. Hoja imetolewa, sababu zimetajwa, wapigakura ni waathirika wenyewe, na kura zinahesabiwa mezani. Tena hoja ya Coin ina sura ya huruma: watoto wachache badala ya maelfu. Mwalimu wa uraia asingepata kosa la kiutaratibu. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba Mockingjay ni kitabu kuhusu kuangusha dikteta. Dikteta ameshaanguka, yuko chumba kingine anatema damu. Kinachojadiliwa ni kama walioumizwa watajifunza kuumiza, na kama kura nne dhidi ya tatu zinaweza kulihalalisha.

Katniss anasema ndiyo, kwa ajili ya Prim. Haymitch anasema yuko pamoja na Mockingjay. Nne kwa tatu. Michezo imepita.

Hapa darasa hugawanyika kila mara. Kundi moja husema alikubali kwa uchungu, kisha usiku au asubuhi akabadili mawazo. Jingine husema alikuwa anamdanganya Coin tangu pale mezani. Mimi niko na la pili, na sababu yangu ni ya kiufundi. Kwa trilojia nzima msimulizi huyu ametuambia kila kinachompitia kichwani hapohapo kinapompitia. Mezani, kwa mara ya kwanza, anafunga mlango. Anajiuliza kama miaka 75 iliyopita watu walikaa hivihivi wakapiga kura ya kuanzisha michezo. Anaona hakuna kilichobadilika. Anasema anapima kila jambo, lakini hatuambii mizani ilisomaje. Kisha anatamka kura, na akimgeukia Haymitch anawaza kwamba sasa ndipo watajua wanafanana kiasi gani na yeye anamwelewa kiasi gani.

Mtu anayepiga kura ya uchungu hahitaji kueleweka. Anayetega ndiye anahitaji mshirika. Na lugha ya wawili hao ilijengwa katika kitabu cha kwanza. Uwanjani Katniss alikuwa anakufa kwa kiu, akamwomba Haymitch maji, Haymitch hakuleta. Alipotulia akatambua: kama haleti, basi maji yako karibu. Tangu hapo wamezungumza kwa kile kisichosemwa. Kura ya Haymitch ni parachuti ya mwisho anayomtumia.

Kura ya hapana ingemfanyia nini Katniss? Angeshinda hoja ile na Coin angebaki rais, akiwa sasa anajua Mockingjay yuko kinyume naye, na upinde usingefika mkononi mwake. Kwa kukubali alibaki kuwa mtu wa Coin hadi asubuhi. Na ruhusa ya kumuua Snow aliipata zamani, ilikuwa mojawapo ya masharti yake ya kukubali kazi ya kuwa Mockingjay; sharti ambalo msomaji analiona la kawaida katika sura za mwanzo na kulisahau. Asubuhi anaelekeza mshale kwa Snow, anauinua, na Coin anaanguka kutoka roshani.

Bado simwiti shujaa kwa hilo, na kitabu hakimwiti. Ameua rais bila hukumu wala ushahidi kamili. Hapohapo anajaribu kumeza kidonge cha sumu, na Peeta anaweka mkono wake katikati, akaumwa yeye. Anahukumiwa bila kuwapo mahakamani, daktari anawaambia akili yake imeharibika, anarudishwa Wilaya ya 12. Gale anapata kazi kubwa Wilaya ya 2. Mama ya Katniss anakwenda Wilaya ya 4 kuanzisha hospitali, hawezi kurudi penye kumbukumbu za Prim. Paylor, kamanda wa Wilaya ya 8, anachaguliwa kuwa rais. Yote haya katika kurasa chache, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na wanaotaka sherehe hawapewi.

Vitabu vya tatu vya aina hii huwa na ugumu huo wote. Allegiant cha Veronica Roth, kilichotoka 2013, kilimuua msimulizi wake Tris, na wasomaji wakachachamaa kuliko walivyochachamaa kwa Prim. Roth alikuwa jasiri, ila naona aliteleza mahali Collins alipokuwa makini: katika kitabu hicho anaongeza msimulizi wa pili, Four, kwa mara ya kwanza katika mfululizo, na msomaji mzoefu anajua mara moja kwa nini anahitajika. Kifo kinabisha hodi kabla hakijafika. Filamu zake hazikufika hata mwisho. Ya 2016 ikawa ya mwisho, na sehemu iliyopaswa kuifuata haikutengenezwa. Mockingjay ilikatwa filamu mbili, 2014 na 2015, na mkato huo uliiumiza ya kwanza.

Nje ya kitabu, mambo yalikwenda kwa njia ambayo Collins hakuiandika. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Mei 2014 nchini Thailand, waandamanaji walianza kuinua vidole vitatu, ile saluti ya Wilaya ya 12, na watu wakakamatwa kwa kuinua mkono tu. Mwaka 2021 ikaonekana tena Myanmar. Kitabuni saluti hiyo ni ya msibani: shukrani, heshima, na kwaheri kwa unayempenda. Waliichukua kutoka vitabu viwili vya kwanza na filamu zake, na waliichukua vizuri. Cha tatu ni cha siku baada ya ushindi, na siku hiyo hawakuwa wameifikia.

Swali ninaloulizwa mwisho ni kuhusu zile kurasa mbili tatu za epilogo, Katniss na Peeta wana watoto wawili, na kama ni sukari iliyopakwa juu. Sioni sukari. Ilimchukua miaka mingi kukubali kuzaa, na bado anaogopa. Wanachofanya yeye, Peeta na Haymitch kabla ya hapo kinanivutia zaidi: wanatengeneza kitabu cha waliokufa, picha na maelezo, ukurasa kwa ukurasa, kwa mfano wa kile kitabu cha mimea cha familia yake. Ni kazi ambayo hakuna kamera inayoirekodi.

Ukishamaliza, usiende kwenye filamu mara moja. Nenda kwenye riwaya ya 2020 inayorudi nyuma kwa Snow kijana, The Ballad of Songbirds and Snakes. Humo unajua michezo ilitoka wapi: zoezi la darasani, wazo ambalo mwanafunzi mmoja alilitoa akiwa amelewa na rafiki yake akalipeleka kwa mwalimu. Halafu rudi usome sura ya 26, pale Katniss anapojiuliza kama zamani watu walikaa mezani wakapiga kura. Ile ya 2025, Sunrise on the Reaping, ni ya Haymitch, na kwa wale wa kundi la kwanza darasani mwangu, wanaosema alipiga kura ya ndiyo kwa sababu amelewa na hajali, nawaomba waisome kabla hatujabishana tena.